Kuku Saba na Sauti ya Mama

Ruqaya Jamal hupiga taipu nje ya mahakama mjini Machakos, na wengi wanaomjua wanamjua kwa kazi hiyo tu. Una kesi ya shamba, umepoteza kitambulisho, jirani amehamisha mpaka: unaenda kwake, unakaa kwenye stuli, unaeleza shida yako, naye anakuandikia hati ya kiapo isiyo na kosa hata moja. Vijana wa saiba wa hapo jirani wana kompyuta na printa, lakini wazee bado wanapenda mlio wa taipureta. Wanasema karatasi iliyopigiwa kelele namna hiyo hata hakimu ataiheshimu.

Wateja wakiisha, Ruqaya huingiza karatasi nyingine na kuandika mashairi yake, na hapo ndipo wengi humkimbia. Mashairi yake hayana beti wala vina, na ukimwuliza mizani iko wapi atakutazama tu acheke. Liko moja lenye neno "ngoja" peke yake, limepigwa mara mia nne na zaidi, likapangwa mpaka likatoa umbo la benchi la ofisi fulani ambayo tusiitaje. Kwenye benchi hilo pana nafasi moja tupu. Atakuambia hapo palikuwa na mzee aliyechoka akaenda zake nyumbani. Karani mmoja wa mahakamani alilicheka sana shairi hilo, kisha akarudi kuomba nakala abandike juu ya meza yake.

Mengine hayaandikiki kabisa. Hayo huyatoa kwa mdomo. Ruqaya anapenda maneno ambayo si maneno. Miaka kumi na mmoja sasa, kila Jumapili, anabeba simu yake anakwenda kusikiliza vile watu wanavyoongea na wasiojua kusema. Huko Katangi amerekodi mchungaji anavyozomea mbuzi waache mahindi ya watu. Huko Kithimani amerekodi mwenye punda anavyomsimamisha punda wake kwa ulimi tu, bila kugusa kamba. Ana sauti za wanaofukuza ndege kwenye mtama, ana za wanaobembeleza watoto. Mwaka jana aliyaunga yote pamoja, akayasoma kwenye ukumbi mmoja mjini kwa nusu saa nzima, kama unaweza kuita kule kusoma. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipofika kwenye kubembeleza watoto, ukumbi ukatulia, na mama mmoja pale mbele akaanza kutikisa mabega, na mgongoni hakuwa na mtoto. Mwisho bwana mmoja akasimama.

"Sasa dada, shairi liko wapi?"

"Na wewe ulikuwa unacheka nini?" Ruqaya akamwuliza.

Sasa nikwambie kilichomtoa machozi mwanamke huyu. Katika sauti zote hizo, zaidi ya mia tatu, ya mama yake haikuwemo.

Mama yake alizaliwa Kola akaitwa Kamene. Alipoolewa na Jamal, fundi cherehani wa mjini mwenye asili ya pwani, alisilimu akawa Safiya, na wanawe wawili, Ramzi na Ruqaya, akawalea nyuma ya duka la ushonaji. Mumewe alipofariki alirudi Kola, kwenye kipande cha shamba alichogawiwa na kaka yake Muindi, akafuga kuku. Na kule Kola kila boma lina mwito wake wa kuku. Mwenye boma akiita, kuku wake wanakuja mbio, na wa jirani hata kichwa hawainui. Hakuna anayefundishwa mwito huo. Kila mwanamke hujitengenezea wake, ukamkaa mdomoni.

Mwito wa mama yake ndio uliomwingiza Ruqaya kwenye ushairi, ingawa watu wanaomuuliza huwapa majibu mengine. Hata pale nyuma ya duka mama alifuga kuku wachache, na kila asubuhi Ruqaya aliamshwa na sauti ile, akajua dunia iko salama. Alipokuwa mkubwa aliomba airekodi, si mara moja.

"Ati uende uonyeshe watu vile mama yako huongeleshanga kuku?" Mama alicheka. "Wacha hizo, mwanangu."

Akaacha. Alijiambia mama yupo, na kesho atakuwepo. Kisha Jumatatu moja asubuhi Ramzi akapiga simu, na Ruqaya akajua kabla kaka yake hajamaliza salamu. Mama alikuwa amelala, hakuamka.

Arobaini iliangukia Jumamosi. Ramzi ndiye mkubwa, anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Mavoko, na ni mtu wa kupanga mambo yakapangika. Dua ingesomwa Kola, nyumbani kwa marehemu. Maalim angekuja na watu wa msikitini, na jamaa wote wa Mjomba Muindi wangekula pamoja nao. Kitoweo kilikuwa tayari: kuku saba wa mama. Alikuwa akiwafugia wageni, na watu wa arobaini ndio wageni wake wa mwisho. Ruqaya hakuona ubaya wowote, na yeye mwenyewe ndiye aliyenunua viungo vya pilau.

Alifika Kola Alhamisi jioni, akamkuta Anti Wanza, mke wa mjomba, akiwamwagia kuku mahindi. Anti Wanza hakuwaita, alimwaga tu. Kuku wakaja wakasimama. Hawakula. Waliinua vichwa wakatazama mlango wa nyumba ya mama, wakangoja, kisha mmoja akainama akadonoa na wengine wakamfuata.

"Wanafanyanga hivyo kila siku," Anti Wanza akasema. "Ni kama wananidharau."

Ruqaya akaelewa wanangoja nini. Akafungua mdomo awaite, kwa kuwaonea huruma tu, na sauti haikuwepo. Aliitafuta kichwani, akakuta mahali pake ambapo ilikuwa siku zote, na yenyewe haipo.

"Anti, mama alikuwa anawaitaje?"

Anti Wanza akajaribu. Kuku hawakugeuka. Akajaribu tena kwa njia nyingine, akatikisa kichwa. "Nilikuwa naisikianga asubuhi na jioni, miaka yote hiyo. Lakini kitu kama hicho mtu huwekanga wapi?" Mjomba Muindi naye akaitwa, akatoa sauti yake, na wote wawili wakakubaliana kwamba hiyo ilikuwa ya mwenda zake mama mzazi wa Muindi na Kamene, si ya Kamene mwenyewe.

Usiku huo Ruqaya akampigia Ramzi.

"Usichinje kwanza. Nipe mpaka kesho jioni."

"Na Jumamosi watu watakula nini? Shairi?"

"Ramzi, hawa kuku ndio wamebaki wakijua mama alikuwa anaitaje. Sisi wote tumesahau. Ukishawachinja, hata nikiipata hakuna wa kuniambia nimeipata."

"Kesho nikitoka kazini nakuja na kisu," Ramzi akasema. "Ukiwa bado, usinilaumu."

Ijumaa asubuhi Ruqaya alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa mama yake, penseli mkononi na karatasi magotini. Anajua kazi yake, msimdharau. Alikumbuka mapigo: matatu mafupi, moja refu linalopanda. Hilo hakulitilia shaka. Kilichopotea ni sauti yenyewe, mdomo ulikuwa umekaaje. Akaanza na "tsi". Akaenda "kri", akaenda "kuru", akarudi "tsi" kwa ulimi mkali nyuma ya meno, kwa sababu ndivyo alivyoikumbuka ya kule dukani, kali na safi. Kila sauti akaiandika: ikiwa nene herufi nene, ikipanda anaipandisha kwenye karatasi. Kuku akigeuza shingo anaweka nukta kando. Kufikia adhuhuri alikuwa na karatasi nne zilizojaa herufi zikikimbia huku na huku, na nukta kumi na moja tu. Kuku wenyewe walikuwa wameingia kwenye mbaazi, wanafukua udongo. Jogoo alikuwa amemtazama mara moja, akamwona hana maana, akaendelea na shughuli zake.

Alasiri midomo ilikuwa imemkauka. Aliweka karatasi chini, akafunika uso kwa mtandio, akalia. Alikuwa amezunguka Yatta nzima akisikiliza mama za watu. Wake alikuwa hapa, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na alikuwa akija mara mbili kwa mwaka, ananyweshwa chai kama mgeni, anaondoka kabla jua halijashuka. Alijichukia sana saa ile, na hakuwa na wa kumwomba msamaha.

Ramzi akafika, bado na viatu vya kazi vyenye vumbi la saruji, kisu kimefungwa kwenye gazeti. Alisimama kando ya ukuta akamsikiliza dada yake akijaribu tena, kwa sauti iliyokwaruza.

"Iko karibu," akasema mwishowe. "Lakini ni kali sana. Hiyo ni ya mama wa zamani."

"Mama wa zamani gani?"

"Wa dukani. Wakati tulikuwa watoto. Ruqa, hawa kuku wameanguliwa mwaka jana. Huyo mama hawakumjua." Akagusa meno yake ya juu kwa kidole. "Hawa walijua mama hana meno ya mbele."

Ruqaya akamtazama. Alikuwa anajua habari hiyo, lakini aliijua kama unavyojua habari ya mtu wa mbali. Meno manne ya juu ya mama yaling'olewa mwaka juzi, Ramzi ndiye aliyempeleka, na ya bandia mama aliyakataa akasema yana ladha ya plastiki. Lakini kila Ruqaya alipokuja, mama alizungumza leso ikiwa mdomoni, na Ruqaya alidhani ni uzee tu umemletea haya.

"Alikuwa anajifunika," akasema polepole.

"Kwangu hakuwa anajifunika," Ramzi akasema. "Mimi nilikuwa nakuja kila mwisho wa mwezi. Alikuwa ameshanizoea." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo sababu iliuma zaidi.

Ruqaya alipangusa uso. Basi, tuseme ukweli, miaka yote kumi na mmoja ya kuchekwa ililipa saa hiyo. Alijua "tsi" inazaliwa wapi: ulimi unasukuma pumzi, pumzi inakatwa na meno. Pasipo meno ulimi haukuti kitu. Pumzi inapita yote, na mdomo wa juu unaingia ndani kuiziba. Akakunja mdomo wake wa juu akafunika meno nao, akafumba macho, akarudisha ulimi nyuma kidogo, akapuliza yale mapigo matatu mafupi na moja refu.

Ikatoka sauti laini, ya chini, yenye upepo mwingi. Si ile iliyomwamsha utotoni. Hii alikuwa hajawahi kuisikia maishani mwake.

Anti Wanza alikuwa anapita na mtungi wa maji. Akautua chini pale pale. "Mwaitu," akasema, kwa Kikamba chao, mama yangu wee.

Ruqaya akaita mara ya pili. Mbaazi zikatikisika. Wakatoka wote saba, mbawa wazi, wakigongana, jogoo akiwasukuma wake zake mbele yake bila adabu, wakakimbia moja kwa moja hadi miguuni pake, wakainua vichwa wakamtazama mikono. Mikono haikuwa na kitu. Alikuwa amesahau kabisa kushika mahindi. Akaendelea kuwaita tu, machozi yakimteremka, mdomo umekunjwa, na furaha na uchungu vilikuwa vimemjaa pamoja asijue kipi ni kipi.

Ramzi alikirudisha kisu ndani ya gazeti akakifunga vizuri. "Nitaongea na Mjomba," akasema. "Kesho tutachinja yule mbuzi beberu wake."

Ruqaya akaacha kuita, akavuta pumzi. Anti Wanza alikuwa ameshaleta bakuli, akamwaga mahindi, na safari hii hakuna kuku aliyeangalia mlango. Wakala. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya vilima na kibaridi kilikuwa kimeanza.

"Ita tena," Ramzi akasema.

"Nimwite nani? Si wote wamekuja?"

Ramzi alikuwa ameketi chini, mwanamume mzima na ndevu zake, kwenye vumbi katikati ya kuku, magoti ameyakumbatia. Hakuinua kichwa.

"Mimi sijakuja," akasema. "Niite."

Ruqaya akakunja mdomo wake wa juu, akamwita.