Fildi Mia Moja za Kuchagua Chuo cha Udaktari

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya vioo vichafu vya maabara na kipande cha sabuni. Ilikuwa zahanati ndogo upande wa Hanang, nami nilikuwa mhudumu tu, niliyeishia darasa la saba. Darubini niliitazama kwa mbali. Nilisoma vitabu vya kuazima, nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaenda kozi ya maabara. Ndipo nikaruhusiwa kukaa mbele ya ile darubini.

Baadaye nilihamishiwa hospitali mjini Babati. Mkuu wa maabara alikuwa mama mkali asiyepandisha sauti. Kazi yetu kubwa ilikuwa malaria: tone la damu linakaushwa juu ya kioo, linatiwa rangi, kisha linasomwa kwa darubini. Lile duara moja la mwanga unaloliona tunaliita fildi. Ukiona kimelea, unaandika. Usipokiona, husemi hakuna mpaka upitie fildi mia moja.

Mwezi wangu wa pili, siku yenye foleni ndefu, niliandika "hakuna" kwa mtoto wa mfugaji mmoja. Mkuu akakichukua kile kioo.

"Umesoma fildi ngapi?"

"Za kutosha, mama."

"Za kutosha ndiyo ngapi? Wewe dukani unaomba sukari ya kutosha?"

"Kama ishirini."

"Kaa. Soma zilizobaki."

Kimelea kilikuwa kwenye fildi ya sitini na tatu. Nilikimbia hadi stendi nikiwa na koti la maabara, nikamkuta mama wa yule mtoto ameshapanda basi, nikamwomba ashuke. Mtoto alitibiwa, akapona. Mkuu hakunipongeza wala hakunikemea tena. Tangu siku hiyo nilifanya kazi chini ya waganga wafawidhi watatu, na hakuna aliyewahi kunirudishia kioo.

Nilistaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Mafao nilikuwa nimeyapangia nyumba yangu ya Bagara, ambayo kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta. Mwaka huohuo binti yetu Paskalina akapata nafasi katika vyuo viwili vya udaktari. Kimoja kilikuwa kipya, ada yake nafuu. Kingine kilikuwa cha siku nyingi, ada karibu mara mbili. Alipewa wiki mbili kuthibitisha anakokwenda.

Nilisoma barua zote mbili, nikavua miwani. "Tutakwenda kwenye nafuu. Hiki kingine hakuna."

Paskalina, aliyekisikia kisa cha kile kioo tangu utotoni, hakubishana. Aliuliza tu, "Baba, umesoma fildi ngapi?"

Mama yake alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mjibu, Baba Paskalina. Za kutosha?"

"Moja," nikakiri. "Ada."

Kesho yake nilipanda basi. Katika chuo kipya majengo yalikuwa safi, lakini hospitali ya mafunzo ilikuwa mbali, na wanafunzi walijilipia nauli na vyumba vya kupanga. Huko hospitalini nilijitambulisha kama mtumishi mstaafu wa afya, nikaruhusiwa kusimama mlangoni mwa wodi. Kitanda kimoja kilizungukwa na wanafunzi kumi na tisa. Wa nyuma alikuwa anaandika anachonong'onezwa na wa mbele.

"Umeshampima mgonjwa kwa mkono wako?" nilimuuliza alipotoka.

"Bado, mzee. Labda mwakani."

Kwenye chuo cha pili, chenye mabweni na hospitali ndani ya ua mmoja, wanafunzi walikuwa sita kwa kitanda. Mwalimu alimwambia binti mmoja aguse tumbo la mgonjwa, aseme anachohisi. Akakosea. Mwalimu akamwambia aanze upya, wenzake wakasubiri.

Vijana wasinielewe vibaya: ada kubwa si ushahidi wa chochote. Chuo cha ghali kinaweza kuwa na bustani nzuri na wodi tupu. Ulizeni wagonjwa ni wangapi, walimu ni wangapi, na kile ambacho barua haikukitaja kitalipwa na nani. Niliporudi niliongeza kwenye ada nafuu vyumba na nauli za miaka mitano. Ile tofauti iliyonitisha ilipungua sana, ingawa haikwisha.

Nikamwita Paskalina. "Utakwenda cha siku nyingi. Nyumba itabaki kwenye lenta. Ukirudia mwaka, sina mwaka wa akiba."

"Nimeelewa, baba."

"Umeelewa, au unataka niishie hapo?"

"Yote mawili," akasema.

Sasa yuko mwaka wa nne na hajarudia hata somo. Kuta zetu zinanyeshewa, na majirani hunitania, "Mzee, nyumba yako itahitimu lini?" Huwa nawajibu kwamba bado mwaka mmoja.

Likizo iliyopita jirani alimleta mtoto anayelalamika tumbo. Paskalina alinawa, akapasha viganja joto kwa kuvisugua, akaanza kugusa polepole, upande huu, kisha ule. Ilichukua muda. Mke wangu akachoka kusubiri.

"Vipi, hana kitu?"

"Sijamaliza, mama," akasema, akahamisha mkono.