Kadi ya Gemu na Bei za Hisa

Nilipokuwa namalizia shahada ya uzamili niliishi mtaa wa Pipeline, juu kabisa ya ghorofa, na laptop iliyochoka kuliko mimi. Tasnifu yangu ilihusu mikataba inayompa mtu haki ya kununua hisa siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo. Akitaka atanunua, asipotaka ataacha. Nilitafuta haki hiyo ina thamani gani sasa. Njia yake ni kubuni bei ya hisa ikipanda na kushuka mara nyingi mno, kisha kupata wastani. Laptop ilizibuni bei hizo moja moja, ikakesha, na kukipambazuka haijamaliza. Msimamizi wangu alikuwa ameshaniambia, "Bila matokeo, hutetei tasnifu muhula huu."

Chini ya jengo letu palikuwa na chumba cha gemu. Mwenyewe alikuwa mama mjane kutoka Ukambani, na kompyuta yake kubwa ilikuwa na kadi ya michoro, ile inayofanya magari ya gemu yaonekane ya kweli. Nilijua kadi kama hiyo hupiga hesabu ndogo ndogo maelfu kwa mpigo mmoja. Nikamwomba aniazime kompyuta hiyo asubuhi, kabla wateja hawajaja.

"Haitaharibika?" akauliza.

"Haitaharibika, mama."

"Haya. Lakini ujue hiyo ndiyo inanilisha."

Niliandika upya programu yangu ili kadi iielewe, nikikosea na kurekebisha, mpaka asubuhi moja nikaipa kazi yote. Feni zikavuma. Niligusa kasha la kompyuta, la moto. Mara skrini ikazimika, feni kimya. Nikabonyeza kitufe, wapi! Yule mama alikuwa anaingia na chupa ya chai, nami nikaanza kujitetea kabla hajauliza.

"Mama, nisamehe. Nafikiri nimeiunguza."

Aliitazama taa ya darini iliyozimika, akaitazama mita ukutani, akaangua kicheko. "Umeunguza nini? Tokeni za stima zimeisha, mwanangu!"

Nikaketi sakafuni nikicheka na kufuta machozi. Alinunua umeme kwa simu, akaingiza namba za tokeni kwenye mita, na mashine ikaamka kama kawaida.

Nikaanza upya. Chai aliyonimiminia ilikuwa haijapoa jibu lilipotokea. Sikuliamini. Nikajaribu mkataba rahisi, ambao jibu lake hupatikana kwa fomula inayojulikana. Majibu yakakaribiana hadi tarakimu za mwisho. Nikarudia. Yakakaribiana tena.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali, mama!"

"Mungu ni mwema. Sasa nipishe, wateja hao."

Nilimtumia msimamizi matokeo nikiwa bado mlangoni. Hakuchelewa kujibu: "Safi. Jiandae kutetea." Nikapanda ngazi polepole, kwa mara ya kwanza bila haraka yoyote, nikajitupa kitandani mchana kweupe na viatu miguuni.