Kisima Tulichochimba Korongoni

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha. Chama chetu cha akina mama hapa Mitaboni kilikodi basi, tukaenda kutembelea mbuga yenye korongo, mahali pakavu kabisa, jangwa. Nilienda na mdogo wangu. Askari wa mbuga alituteremsha ndani. Kuta zilipanda juu mpaka mbingu ikabaki kama utepe. Ukikohoa, kikohozi kinaenda mbele halafu kinarudi kama cha mtu mwingine.

Saa saba maji ya kunywa yakaisha. Sisi Wakamba tukiona mchanga wa mto mkavu, tunachimba. Tukapiga magoti na vikombe na sufuria ya chama, mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko. Nyumbani unangoja hata nusu saa maji yajikusanye. Hapa yalikuja mara moja. Wenzangu wakaimba. Mimi nilitazama tu. Tunachota na hayapungui. Yalianza vuguvugu, yakawa baridi, halafu yakaingia weusi, na yanapanda yenyewe. Ndege walikuwa wamenyamaza, sijui tangu saa ngapi.

"Mwenyekiti, hii maji inasukumwa," nikasema. "Kuna mvua huko juu. Tutoke."

"Asi! Aliishia darasa la tatu, na leo ni mtabiri wa hali ya hewa!" mwenyekiti akasema. Wakacheka.

Askari akatazama ule utepe wa buluu. "Mama, hapa haijanyesha miezi mingi. Kunywa, ushukuru."

Nikamshika mdogo wangu mkono, tukaanza kupanda njia ya mawe. Wengine wakafuata, hata askari, wakinung'unika kwamba nimewaharibia matembezi. Tulipofika nusu, mwenyekiti akageuka.

"Sufuria ya chama imebaki! Wewe msichana uko na miguu, rudi mbio."

"Asiende," nikasema.

"Ni dakika mbili, dada." Mdogo wangu alikuwa mtu wa kutii wakubwa. Nikauachilia mkono.

Sikusikia ngurumo yoyote. Ulikuja kwanza upepo baridi wenye harufu ya mizizi. Kisha maji ya kahawia yakapinda kona yakiwa yamesimama kama ukuta, yamebeba miti, na mdogo wangu bado ameinama kwenye sufuria.

Jioni korongo lilikuwa limenyamaza tena. Mchanga ulikuwa laini kama uliopigwa pasi, hakuna hata unyayo mmoja, kana kwamba hatukuwahi kufika. Askari alikuwa akizunguka akisema peke yake, "Haijanyesha. Haijanyesha." Mdogo wangu alipatikana siku ya pili, mbali sana.

Siku ya mazishi mwenyekiti alishika kipaza sauti akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikasimama.

"Mungu hakumtuma sufuria. Ni wewe ulimtuma. Na huyo askari alikuwa hapo, akanyamaza."

Wazee wakanikalisha, wakasema nisilete aibu mbele ya maiti.

Mimi pia niko na kosa langu, ule mkono niliouachilia. Hilo nilimwambia mama yetu mzazi, tukalia mpaka tukachoka. Mwenyekiti lake hajalisema kwa mtu yeyote, na miaka inaenda. Basi nimelisema mimi.