Kanda ya Baba

Alasiri ile barazani tulikuwa wanne: mama yangu Mwanahamisi, bibi yangu Bi Riziki aliyemzaa baba, Zuhura binti wa shangazi, na mie. Nimeikumbuka juzi kwa fundi wa kompyuta, Ngamiani. Kabla ya kufuta kila kitu na kupiga windo upya, ile programu inayoiendesha kompyuta, alimuuliza mjukuu wangu mara mbili, "Umeshatoa vitu vyako?"

Mama hakujua kusoma. Baba alipokwenda Mombasa kutafuta maisha, alimletea barua ya sauti kwenye kanda, tukiisikiliza kwa redio kaseti. Hakurudi, alizikwa hukohuko. Mie niliambiwa amesafiri, nikajua yumo redioni, anazungumza nasi na hatumjibu.

Betri zilikuwa adimu, mama akizianika juu ya bati zipate nguvu. Alipoingia jikoni kukuna nazi, mie na Zuhura tukazitia redioni zingali moto, zanuka kutu, tukabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Tukamwimbia baba kasida za madrasa mpaka kanda ikaisha. "Baba, rudi na biskuti!"

Mama alipoiwasha, akatusikia sisi tu.

"Mwanahamisi, usimpige," Bi Riziki akasema. "Mtoto hajui."

"Simpigi, mama. Nangoja mwanao aniite jina, haniiti."

Tangu siku ile hakuanika betri tena.

Mie nakumbuka kanda ilianza, "Mwanahamisi, usinune." Zuhura, Mungu amrehemu, alisema ilianza kwa salamu. Majirani wa Chumbageni mlioisikia, kama nimekosea nisahihisheni, walau niyapate maneno yake.