Samoni wa Muaither na Tarehe ya Idrisa

Mama ndiye aliyenituma. Mdogo wangu Idrisa aliondoka Mwanza kwenda kupika hotelini Doha kwa miaka miwili, na sasa alikuwa anaumaliza wa tano bila kutia mguu nyumbani hata kwa likizo. Kwenye simu alikuwa mchangamfu mpaka aulizwe anarudi lini. Hapo mtandao ulianza kusumbua. "Nenda wewe," Mama akaniambia. "Na usirudi bila tarehe." Nami, kwa kuwa ni mkubwa na najiona najua kusema na watu, nikaomba ruhusa kazini ya siku kumi.

Kazi yangu nayo imo katika habari hii. Mimi ni fundi wa maabara ya uvuvi. Nasoma umri wa samaki kwenye magamba yao. Chuoni vitabu vyetu vilijaa picha za samoni wa nchi za baridi, hasa yule mwekundu aitwaye sokai, kwa sababu baridi humchorea miaka yake waziwazi. Sato wetu wa ziwani hajui baridi, na gamba lake hunitoa jasho. Miaka yote kazini sikuwahi kumtia samoni machoni.

Doha nilifika asubuhi, uwanja mpya wa ndege bado unanukia rangi. Idrisa, mashavu yamejaa, alinibeba juujuu mbele ya watu nikamkemea kwa furaha. Chumba chake kule Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi, kilikuwa cha wanaume sita, kwa hiyo alinipeleka mtaa wa Muaither kwa Bi Salma, Mzanzibari ambaye mumewe ni dereva wa familia moja ya hapo. "Karibu mwanangu, hapa kwenu," alisema, na kabla sijavua viatu nilikuwa na chapati mkononi. Siku tatu nilimwuliza Idrisa tarehe, na siku tatu akanionyesha maghorofa.

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikuja na mfuko wa supamaketi. "Dada, nimekuletea mgeni wako." Ndani, kwenye barafu, alikuwamo sokai mzima, amekatwa kichwa tu. Nilipiga ukelele, Bi Salma akatoka mbio. Nyuma ya Idrisa aliingia rafiki yake Otieno, Mkenya, mlinzi wa hoteli hiyohiyo, ametoka kanisani Mesaimeer, maana huko hata ibada ya Wakristo ni Ijumaa, na shati jeupe.

Nilitoa kioo changu cha kukuzia kwenye mkoba, nikabandua gamba na kulimulika kwa tochi ya simu. Lilikuwa tupu katikati. Gamba la mwanzo liling'oka, hili likaota mahali pake, na halikumbuki utoto. Otieno akanicheka. Nikachukua jingine, mgongoni chini ya pezi, na hilo lilisema yote. Katikati palikuwa na mistari iliyobanana, ya ziwani alikozaliwa, misimu miwili ya baridi. Kisha mistari ikapanuka ghafla, ameingia baharini na anakula vizuri, misimu mitatu. Ongeza mmoja alioumaliza ndani ya yai, ambao gamba haliuoni. Miaka sita.

"Na baada ya huko kote," nikasema nikimtazama Idrisa, maana nilikuwa nimeiona nafasi yangu, "hurudi kwenye maji yaleyale alikozaliwa. Hata ndugu waliototolewa mwaka mmoja hawarudi wote pamoja. Huyu hukaa baharini miaka miwili, yule mitatu. Lakini hurudi."

Bi Salma alifuta jicho. Otieno aliinua mkono kama yuko darasani.

"Sista, hiyo stori ni poa. Sasa akishafika home, anado nini?"

"Anataga."

"Halafu?"

"Halafu... anakufa."

"Ala! Kumbe unataka Idi arudi home kudedi?"

Bi Salma alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nilicheka, ingawa uso uliniwaka. Idrisa hakucheka sana. Alianza kumpara samaki magamba, akasema bila kuniangalia:

"Hicho ndicho ninachoogopa, dada. Kila nikiwaza likizo naona mmeshanitafutia mke na duka la kukaa. Nikiingia sitoki. Na hapa ndiyo kwanza nimekabidhiwa sehemu ya samaki. Naipenda kazi hii."

Iliniuma, kwa sababu duka lilikuwa wazo langu. Nilikuja na swali la Mama, sikumwuliza yeye anataka nini.

"Njoo mwezi mmoja," nikamwambia. "Siku ya kuondoka nitakusindikiza mwenyewe, na atakayekushika shati atanikuta mimi."

"Mbele ya mashahidi?"

"Wallahi, mashahidi si sie hapa!" akasema Bi Salma. Kisha akampika sokai kwa nazi nyingi, na Idrisa, mpishi wa hoteli, akanyamaza kwa adabu. Jumapili akaomba likizo. Kabla sijafunga mizigo akaipata.

Mwanza nilirudi mchana. Njiani nilikuwa nimekubali jambo moja: gamba husimulia samaki alikopita, halitaji siku atakayorudi. Kwa binadamu hiyo siku unamwuliza mwenyewe, kisha unatulia umsikilize. Mama alikuwa mlangoni, hakunipa hata maji.

"Tarehe?"

"Ninazo mbili, Mama. Ya kuja na ya kuondoka."

Mama akaitoa kalenda ukutani, akanipa kalamu.

"Iandike ya kuja. Kubwa."

"Na ya pili?"

"Hiyo," akasema, "ngoja nikutafutie penseli."