Mimba ya Kilo Tatu

Jamani, nimepanda ndege! Tiketi ilikuwa bei chee, siku mbili Unguja kwa wifi yangu, ila iliruhusu begi moja dogo tu. Sasa mtu wa Myamba, kwetu kunakolimwa tangawizi, aende kwa wifi mikono mitupu? Nikajifunga kilo tatu za tangawizi tumboni kwa kanga, nikavaa gauni pana juu yake.

Pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mzee mmoja akapaza sauti, "Mpisheni mama mjamzito!"

Nina miaka hamsini na mbili na wajukuu watatu, lakini foleni ilikuwa ndefu. Nikashika kiuno, nikapita. Dada wa ukaguzi akaniletea kiti.

"Miezi mingapi, mama?"

"Saba," nikajibu, raha imenijaa hadi najipapasa tumbo.

"Pole. Vua viatu tu, upite."

Nikainama, fundo la kanga likaachia. Tangawizi yote ikaporomoka miguuni, kipande kimoja kikabingirika mpaka kwa yule mzee. Akakiokota, akakifuta udongo, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hongera, mama. Huyu ndiye kifungua mimba?"