Miguu Nyuma ya Pazia

Shangazi yangu alikuwa anaondoka Kericho na hapakuwa na picha yake hata moja. Jambo hilo lilininyima usingizi mimi peke yangu, labda kwa sababu nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuoni Kalkuta, nina shahada na sina kazi, basi muda wa kuwaza nilikuwa nao tele.

Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane tangu ujana wake. Wazazi wao walipokufa ndiye aliyemlea baba, na baba alipopata ukarani wa kiwanda cha chai, shangazi akamfuata hadi huku. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani, baba aliinama akamgusa miguu, kisha akajigusa paji la uso, jinsi sisi Wabengali tunavyowaamkia wakubwa wetu. Sasa shangazi alitaka kwenda Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu kule India, ambako wajane wazee huenda kungojea mwisho wao. Angepanda treni Fort Ternan, na sote tulijua hatarudi.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya thelathini, Wabengali wa Kericho hatukuzidi familia tano. Daktari msaidizi wa shamba, aliyejifanya mkubwa wetu, aliamua tuwe na albamu ya jumuiya, ili wajukuu waje wajue tulikuwa watu wa namna gani. Nilifurahi. Nilifurahi mapema mno.

Mpiga picha alitoka Kisumu. Alitundika kwenye varanda yetu pazia kubwa lililochorwa nguzo za jumba la kifalme, ngazi, na ziwa lenye bata. Nyuma ya pazia kulikuwa na chai, kilima baada ya kilima, chai hiyo hiyo iliyotuleta hapa.

"Kwa nini tusisimame mbele ya chai?" niliuliza.

"Nimevuka bahari nzima ili nionekane niko shambani?" daktari alisema. "Wewe msomi, shika kitabu chako."

Alikuwa amevaa suti nzito ya sufu na ameweka mezani saa isiyotembea. Mimi nilipewa kitabu kinene cha dawa za mifugo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na jalada zuri.

"Na shangazi atasimama wapi?"

Baba alitazama viatu vyake.

"Mjane hakai kwenye picha ya heri," daktari alisema. "Au huko chuoni hawakukufundisha adabu?"

Shangazi alicheka kutoka jikoni. "Niacheni na samaki wangu! Nikija na sari hii nyeupe ya ujane wajukuu watasema mlipigwa picha na mzuka."

Samaki wake! Walitoka ziwani Kisumu, yeye akawapika kwa haradali, nasi tukawala. Mwenyewe, kwa kuwa mjane, hakuruhusiwa kuonja hata mchuzi. Nilimvuta mpiga picha kando nikamwomba ampige peke yake. Akasema kioo cha kupigia picha kilichobaki ni kimoja, na daktari ameshakilipia.

Kisha upepo ukaja, ule wa Kericho unaotangulia mvua ya mchana. Pazia lilifura kama tumbo, bata akampiga daktari kisogoni.

"Mtu alishike kwa nyuma!" mpiga picha alipiga kelele.

Wanaume wote tulikuwa tumeshapangwa, na hakuna aliyetaka kupoteza nafasi yake. Shangazi alitoka jikoni akipangusa mikono, akazunguka nyuma ya pazia, akalivuta chini.

"Haya, nimelishika. Simameni kama watu, mbona mmekauka kama mliomeza mwiko? Daktari, ingiza tumbo!"

"Mama, usituchekeshe!" daktari alilalamika.

"Msitikisike!" mpiga picha aliomba. "Atakayetikisika atatoka kama moshi."

Nilikuwa ukingoni kabisa, bado nikitafuta maneno ya heshima ya kusema kwamba huu ni upuuzi, mpiga picha akafunika lenzi. Imekwisha.

Shangazi aliondoka wiki ile. Picha ilifika kwa posta baadaye, na daktari alikuja kuiona nyumbani kwetu. Wote tulikuwa na nyuso za watu wanaoumwa meno, mbele ya jumba ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Lakini ukingoni, karibu yangu, chini ya pindo la pazia, ilionekana miguu miwili mitupu. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania sakafu, na kile cha mwisho kilikuwa kimempanda jirani yake. Ni miguu ya shangazi tu iliyokuwa hivyo.

"Kata ukanda huo," daktari alimwambia baba. "Wajukuu watadhani nini?"

Nilianza kupinga, nikajikwaa kwenye sentensi yangu mwenyewe. Baba alikuwa ameshachukua mkasi. Aliisogeza picha dirishani, akaitazama kwa muda. Halafu mkono wake, kama kila asubuhi, ulishuka ukagusa ile miguu, ukapanda hadi kwenye paji la uso.

Alipogundua kwamba tunamtazama, alikohoa.

"Mkasi wenyewe butu," alisema, akaurudisha mezani.

"Na wajukuu?" daktari aliuliza.

"Watauliza." Baba alinisukumia picha na gundi. "Wewe si unapenda kuwaza, msomi? Utawajibu. Bandika."